Vipuri wanapata wapi?

Foleni ya pale TAZARA, jioni, mvua imeanza kudondoka. Dereva wa daladala ameshazima injini, dalili kwamba hata yeye amekata tamaa. Mimi nimekaa dirishani, simu mkononi, naangalia video ya kichwa cha treni cha makaa ya mawe kikiondoka stesheni huko Kyushu, kusini mwa Japani. Ni safari yake ya mwisho, tarehe 23 Machi 2024. Moshi umetanda, filimbi inalia, watu wamejazana kando ya reli wanapunga mikono.

Mzee aliyekaa pembeni yangu alikuwa anachungulia bila kujificha.

"La mwaka gani hilo?"

"1922, mzee."

Akanyamaza kidogo. "Vipuri wanapata wapi?"

Nikacheka, nikasema Wajapani hawashindwi kitu. Lakini lile halikuwa jibu, na yeye aliliona. Swali likanikaa kichwani wiki baada ya wiki, na kila nilipolifuata lilinipeleka mahali nisipopategemea.

Cha mia nne thelathini na tano

Kichwa chenyewe kina namba 58654. Ukiiona hiyo namba utadhani Wajapani walitengeneza vichwa elfu hamsini. La. Aina yake inaitwa 8620, na cha kwanza kilipewa namba hiyohiyo, 8620, mwaka 1914. Wakaendelea 8621, 8622, mpaka 8699. Hapo njia ikafungwa, kwa sababu 8700 ilikuwa tayari imechukuliwa na aina nyingine. Basi wakarudi kwenye 20 na kuweka moja mbele: 18620. Kila vikitimia vichwa 80, tarakimu ya mbele inapanda. Piga hesabu: tano mara themanini, ongeza thelathini na tano. 58654 ni cha 435.

Mimi hupenda sana mambo ya namna hii. Nyumbani wanasema ni ugonjwa.

Vilitengenezwa mpaka 1929, zaidi ya 600. Kabla ya aina hii Japani ilikuwa inaagiza vichwa vyake vingi Uingereza, Ujerumani na Marekani. 8620 ni miongoni mwa aina za kwanza za kuvuta mabehewa ya abiria ambazo walizibuni wenyewe na kuzitengeneza wenyewe kwa wingi. Mashabiki wanaiita Hachiroku, yaani nane-sita.

Ina magurudumu makubwa matatu kila upande, kipenyo milimita 1600, na mbele ekseli moja ndogo tu. Hiyo ekseli moja ndiyo yenye utamu. Kichwa cha abiria kinakwenda kasi, na kwa kawaida kiliwekewa ekseli mbili ndogo mbele ili kiingie kwenye kona bila kuyumba. Mhandisi Shima Yasujiro alikuja na dawa nyingine: akaiunganisha ekseli ndogo na ekseli kubwa ya kwanza zikawa zinageuka pamoja, na ile kubwa akaiachia nafasi ya kusogea kidogo kulia na kushoto. Kichwa kikawa kinapinda kama chenye ekseli mbili mbele, huku urefu na uzito vikipungua.

Kona kali zilikuwa nyingi kwa sababu reli yenyewe ilikuwa nyembamba. Na hapa ndipo ile foleni ilipoanza kunichekesha: reli iliyokuwa hatua chache kutoka tulipokwama, ile ya kwenda Kapiri Mposhi, Zambia, ina upana wa milimita 1067. Reli za kawaida za Japani nazo ni 1067. Kichwa hiki cha mwaka 1922, kikishushwa bandarini Dar es Salaam, kingekaa kwenye reli ya TAZARA bila mtu kugusa magurudumu.

Shima hakuupenda upana huo. Alitaka nchi nzima ihamie milimita 1435, na mwaka 1917 majaribio yalifanyika. Wanasiasa wakaona afadhali fedha zipeleke reli nyembamba vijijini kuliko kupanua zilizopo. Mpango ukafa mwaka 1919. Mwanawe, Shima Hideo, ndiye aliyekuja kuwa mhandisi mkuu wa Shinkansen, iliyofunguliwa 1964 kwenye reli ya milimita 1435. Sisi wenye reli ya zamani nyembamba (MGR) na mpya pana (SGR) hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Yatake

58654 kilitoka kiwanda cha Hitachi cha Kasado na kupelekwa Nagasaki. Maisha yake yote ya kazi kiliyamalizia Kyushu. Aina yake ilianza na treni za haraka, kisha zikaja aina kubwa zaidi zikaisukuma kwenye njia ndogo za milimani na kazi za kupanga mabehewa. Mwaka 1975 kikastaafishwa Hitoyoshi, mji ulio ndani ya bonde la mto Kuma, wenye karakana ya vichwa iliyojengwa kwa mawe mwaka 1911 na ambayo bado imesimama.

Kikapandishwa mlimani, stesheni ya Yatake, mita zaidi ya 500 juu ya usawa wa bahari, kikawekwa ndani ya banda pamoja na kichwa kingine, D51 170. Banda hilo ndilo lililokiokoa. Miaka ileile shirika la reli lilikuwa linaazimisha vichwa vyake vya zamani bure kwa shule, bustani na halmashauri, mamia yake, na vingi viliwekwa nje, mvua na jua ni vyake. Leo vingine vinakatwakatwa kwa sababu vimeoza, na ndani yake kuna asbesto ambayo kuitoa ni gharama.

Miaka kumi na mitatu baadaye kampuni ya reli ya Kyushu ikakishusha 58654 na kukipeleka karakana ya Kokura. Agosti 1988 kikaanza kuvuta watalii kuelekea mlima wa volkano wa Aso.

Mpaka hapa nilikuwa nafurahia hadithi. Kisha nikafika kwenye sentensi moja.

Boila ilikuwa mpya.

Boila, halafu fremu

Ngoja nieleze kwa nini sentensi hiyo ilinisumbua. Kichwa cha mvuke ni boila kwanza, mengine yanafuata. Makaa yanawaka kwenye kisanduku cha moto, hewa ya moto inapita ndani ya mirija iliyozungukwa na maji, mvuke unakwenda kusukuma pistoni. Kila siku boila inapashwa, inatanuka, inapoa, inasinyaa. Chuma kinachoka. Maji yanaacha magadi, kutu inakula viungo. Kwa hiyo boila ya 1922 kutofika 1988 si ajabu wala si aibu.

Lakini fremu?

Njia ya Aso ina mwinuko wa mita 33 kwa kila mita 1,000, na mahali fulani treni inapanda kwa zigizaga: inakwenda mbele, inarudi nyuma, inakwenda mbele tena. Kwa mashine iliyokwisha kuzeeka hiyo ni adhabu. Ekseli zikawa zinapata moto. Walipochunguza wakakuta fremu, ule uti wa mgongo ambao kila kitu kimefungwa juu yake, imepinda. Agosti 2005 wakakisimamisha.

Ingekuwa mwisho, kama si kupatikana kwa michoro ya zamani ya fremu. Fremu ikatengenezwa upya. Aprili 2009 kichwa kikarudi barabarani, safari hii kikivuta treni ya SL Hitoyoshi kutoka Kumamoto, kikifuata mto Kuma mpaka mji kilipostaafia mara ya kwanza.

Sasa hesabu na mimi. Boila ya 1988. Fremu ya 2009. Hivyo viwili ukivitoa, unabaki na vitu vichache vya kuonyesha kwa kidole. Mwaka 2022 watu walikifanyia sherehe ya miaka 100. Nani aliyetimiza miaka 100?

Nilikasirika, nakiri. Nilijiona kama mtu aliyeuziwa saa ya babu kumbe ndani ina mashine mpya. Kwa siku kadhaa nilikuwa upande wa wale wanaosema kwamba kitu cha kale ama ni kilekile au si chochote, na kama huwezi kukiendesha bila kukibadilisha, basi kiache kimesimama.

Kile kilichosimama Nagoya

Upande huo una hoja nzuri, na hoja hiyo iko Nagoya.

Kwenye ukumbi mkubwa wa makumbusho ya reli mjini humo kimesimama C62 17. Aina ya C62 ndiyo kubwa kuliko zote za mvuke za abiria zilizowahi kutengenezwa Japani, na hicho cha kumi na saba, tarehe 15 Desemba 1954, kwenye daraja la mto Kiso, kilifika kilomita 129 kwa saa. Juu ya reli ya upana wa TAZARA! Yalikuwa majaribio ya kupima uimara wa daraja. Sasa kimepakwa rangi, kinang'aa, hakiendi popote, na hakuna haja ya kukibadilisha boila.

Nilidhani nimepata mfano wangu wa kitu kilichobaki chenyewe. Kisha nikasoma C62 zilipatikanaje.

Baada ya vita Japani ilikuwa na vichwa vingi vya mizigo visivyo na kazi, na abiria waliojaa mpaka kwenye paa za mabehewa. Utawala wa Wamarekani haukuwa tayari kuruhusu vichwa vipya vya abiria. Basi wahandisi wakafanya ujanja wa makaratasi: wakachukua boila za D52, vichwa vya mizigo vya wakati wa vita, wakazikalisha juu ya fremu na magurudumu mapya, wakaita kazi hiyo ukarabati. Zikatoka C62 49, kati ya 1948 na 1949. Na boila zile za vita zilikuwa zimetengenezwa kwa haraka na kwa chuma duni. Mwaka 1945 D52 zilishalipuka. Boila nyingi za C62 zikabadilishwa tena baadaye.

Kwa hiyo hata bingwa wa mbio alizaliwa na viungo vya kuazima.

Hapo hasira yangu ikaanza kukosa pa kusimama. Vichwa hivi vilibadilishana boila tangu vikiwa kazini. Kimoja kikiingia karakana na boila iliyochoka, kinafungwa boila iliyokwisha kutengenezwa kutoka kwa mwenzake, kinarudi kazini, na boila yake inasubiri kumfaa mwingine. Hakuna fundi aliyeona ajabu. Kutaka kichwa cha mvuke kibaki na vyuma vyake vyote vya kuzaliwa ni kukitakia maisha ambayo hata zamani hakikuwa nayo.

Jahazi, na mahali mfano unapovunjika

Mtu wa pwani atakuwa ameshanicheka. Jahazi la Lamu linabadilishwa ubao huu mwaka huu, ule mwaka ujao, mlingoti, tanga, mpaka mwenye chombo mwenyewe hakumbuki kipi cha zamani. Jina linabaki, na wala hakuna anayeuliza kama ni jahazi lilelile. Kwa nini kichwa cha treni kisipewe heshima hiyo?

Nilikaa na mfano huu muda mrefu nikidhani nimemaliza. Unavunjika mahali pamoja. Ubao wa jahazi ukioza, fundi yupo. Kijana wake yupo pembeni anashika misumari. Kitu kinachofanya jahazi liendelee kuwa jahazi ni kwamba kazi ya kulitengeneza haijakatika.

Kichwa cha mvuke hakina hiyo bahati. Treni ya mwisho ya abiria ya shirika la taifa kuvutwa na mvuke ilipita Hokkaido tarehe 14 Desemba 1975, ikivutwa na C57 135. Siku kumi baadaye ikaja ya mwisho ya mizigo. Watu waliokuwa wakifanya kazi hiyo kila siku walihamishiwa dizeli na umeme, na viwanda vilivyokuwa vikitoa vyuma hivyo vikageukia mambo mengine.

Swali la mzee

Oktoba 2022 kampuni ilitangaza kwamba 58654 kitastaafu, na sababu walizitaja waziwazi. Kimezeeka, vipuri vimekuwa vigumu kupatikana, na mafundi wa kukihudumia wamekuwa wagumu kupatikana.

Mafuriko hayakutajwa, ingawa tarehe 4 Julai 2020 mto Kuma ulifurika ukabeba madaraja ya chuma ya mwaka 1908 na kuifuta njia ya kwenda Hitoyoshi. Kichwa kikahamishiwa njia kuu ya Kumamoto hadi Tosu, tambarare, reli mbili, treni za umeme zikikipita kwa kasi. Kiliendelea hivyo karibu miaka mitatu.

Kwa hiyo mzee alikuwa amegusa penyewe. Vipuri wanapata wapi? Hawanunui. Kila kimoja kinatengenezwa, na cha kutengeneza kinahitaji mtu.

Chukua beringi za ekseli. Ni za shaba, zimetandikwa ndani kwa aloi laini yenye bati. Aloi inayeyushwa, inamiminwa, ikipoa fundi anaikwangua kwa mkono, anapaka rangi kwenye ekseli, anakalisha, anainua, anaangalia rangi imegusa wapi, anakwangua tena. Ukikosea kidogo, ekseli inapata moto njiani na safari imekwisha. Hakuna kitabu kinachokuambia mkono wako usukume kwa nguvu kiasi gani.

Au kuwasha moto tu. Boila ya baridi haipashwi kwa pupa. Moto unaanzishwa saa nyingi kabla ya safari, taratibu, ili chuma kitanuke kwa pamoja. Halafu maji: yakishuka chini ya paa la kisanduku cha moto, chuma kinaungua. Mwaka 2008 hilo lilitokea kwa D51 498 mashariki ya Japani, boila ikaharibika, ikalazimu matengenezo makubwa. Kosa la saa chache.

Nilikuwa nimehangaikia umri wa chuma wiki zote hizo. Chuma walikipata mara mbili, 1988 na 2009, kwa kuwa mara zote mbili alikuwepo mtu anayejua kusoma michoro na mtu aliyewahi kukiendesha. Mara ya tatu walitafuta watu hao hawakuwatosha.

Kioo cha Kyoto

Kuna mahali wamelielewa hili mapema. Mwaka 1972, reli ya Japani ilipotimiza miaka 100, shirika la taifa lilifungua makumbusho kwenye karakana ya mviringo ya Umekoji, Kyoto, iliyojengwa 1914, mwaka uleule 8620 ya kwanza ilipotoka. Waliweka vichwa 17 vya aina 16, kwa nia ya kuvitunza vikiwa hai. Leo ni sehemu ya Makumbusho ya Reli ya Kyoto. Mmoja wa wakazi wake ni 8630, ndugu mkubwa wa 58654, kichwa cha kumi na moja cha aina hiyo.

Kinavuta watalii mwendo wa kilomita moja, kwenda na kurudi, dakika kama kumi. Hata C62 2, ndugu wa yule bingwa wa Nagoya, hufanya kazi hiyohiyo. Mwanzoni niliona ni dhihaka: mnyama wa kukimbia kilomita mia kwa saa anawazungusha watoto uani. Sasa naona ndiyo akili yenyewe. Mwendo mdogo hauichoshi mashine sana, lakini unahitaji kila kitu: moto uwashwe, maji yaangaliwe, beringi zikwanguliwe. Mwaka 2015 wakajenga karakana mpya ya matengenezo pembeni yake, na wageni wanaweza kutazama mafundi wakifanya kazi kupitia vioo.

Kama ningekuwa na fedha za kuchangia, zisingekwenda kwenye rangi. Ningelipa mshahara wa msaidizi wa fundi nyuma ya kile kioo.

Miaka thelathini mbele

58654 kimerudishwa Hitoyoshi, kwenye mji wenye karakana ya mawe. Reli ya kukifikia bado imekatika. Serikali na kampuni wamekubaliana kuirejesha, na 2033 umetajwa kuwa mwaka wa lengo. Wapo wanaosema siku moja kitawaka tena, na wanatoa mfano wa C57 180: kilisimama kwenye uwanja wa shule ya msingi mjini Niitsu tangu 1969, kikafufuliwa, na tangu 1999 kinavuta watalii kwenda Aizu-Wakamatsu.

Mfano ni wa kweli na ninautamani. Ila mwaka 1999 dereva aliyekuwa na miaka thelathini siku mvuke ulipokoma alikuwa na hamsini na kitu. Angeweza kusimama kwenye kibanda na kumwonyesha kijana lini atupe makaa na lini asubiri. 58654 kikikaa miaka thelathini hiyohiyo, tunafika 2054. Huyo dereva atakuwa ameshafariki. Waliojifunza kwake mwaka 1988 watakuwa wazee sana, na wale wa 2009 watakuwa wamestaafu. Anayebaki wa kuulizwa ni yule aliyeajiriwa Kyoto mwaka huu, kama mkataba wake utaongezwa.